Kwa mtoto wa kaka yangu, mwinjilisti mpya wa ng'ambo ya Sabaki

Mwanangu, Bwana asifiwe.

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi. Umepangiwa kanisa dogo ng'ambo ya mto Sabaki, lenye viti vya kuazima na darasa la ubatizo lisilo na mwalimu tangu mwinjilisti aliyekutangulia ahamishwe. Unaniuliza mambo mawili: uwafundishe nini hao watu, na ufanye nini ili waache kukaa kila mmoja na ukoo wake. Nakujibu hadharani kwa ruhusa yako, kwa sababu wenzako wa Ganda, wa Gongoni na hata wa Mpeketoni huniuliza hayo hayo.

Kwangu mimi hayo si mawili. Chukua Imani ya Mitume, ile tunayoikiri Jumapili tumesimama, uitazame sehemu yake ya mwisho. Ukishamtaja Roho Mtakatifu na Kanisa takatifu, unakuja ushirika wa watakatifu, ndipo ondoleo la dhambi, ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Ushirika umo ndani ya imani yenyewe. Na Matendo ya Mitume 2:42, panapoelezwa kanisa la kwanza kule Yerusalemu, huvitaja pamoja bila kuvitenga: "Wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali." Mwalimu anayekaririsha watu mafundisho huku hawajuani majina ameruka kipengele. Na anayewakusanya kwa chai na nyimbo bila kuwafundisha ameruka vilivyobaki.

Wewe ni mtoto wa Malindi, huhitaji kusimuliwa Shakahola. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, wakiwamo watoto wengi. Kwa maelezo ya walionusurika, waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kesi zake ziko mahakamani na mimi si hakimu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, huko huko, tukajua kwamba jambo hili halijatuacha. Wapo wanaosema ni ujinga tu uliowaua. Siamini. Walikuwamo watu waliosoma, walioacha kazi na nyumba, na Biblia walikuwa nazo mikononi. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu alipoambiwa jambo geni hakuwa na mahali pa kuliuliza, na alipoanza kukosekana kanisani hakuna aliyebisha hodi kwake. Hayo mawili yalikwenda pamoja. Ndiyo maana nakusihi usiyatenganishe.

Kwa hiyo anza na mwili. Najua wengi huanza na orodha ya dhambi. Wewe anza na Mungu aliyeumba mbingu na nchi akaona ni vyema, kisha uwafundishe ufufuo wa mwili polepole mpaka wauelewe. Wasomee Marko 5, binti Yairo anapofufuliwa, na Bwana anaagiza apewe chakula. Wasomee Luka 24, Yesu mwenyewe aliyefufuka anapokula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi wake, na Yohana 21, anapowawashia moto wa makaa pwani na kuwaambia waje wafungue kinywa. Wavuvi wako wataielewa sura hiyo kuliko mimi na wewe. Kisha wasomee Matendo 27. Merikebu inapigwa na tufani, watu wamekaa siku kumi na nne bila kula, na Paulo anawasihi wale kwa ajili ya wokovu wao, anatwaa mkate, anashukuru mbele ya wote na kuanza kula. Mtu aliyeyashika hayo manne, akija mhubiri kumwambia Mungu anataka afe njaa, atajua hapo hapo kwamba huyo hamsemei Yesu wa Injili. Sisi nasi tunafundisha kufunga, na mwisho wake uko Isaya 58: umgawie mwenye njaa chakula chako. Mfungo ambao haumpeleki mtu kwa jirani uulizie mara mbili.

Usiende mbio. Wazee wa kanisa watakuhimiza umalize darasa kabla ya askofu kuja kwa kipaimara, nawe utaona haya kuwa na majina machache. Stahimili. Kipengele kimoja kikichukua mwezi, na kichukue. Mitihani ya kuandika usiitie maanani sana. Nusu ya akina mama wako hawakupelekwa shule, na kati yao ndimo watakamotoka walimu wako bora. Mwambie kila mmoja, kwa Kigiriama chake, asimulie habari ya Yesu kutoka Bethlehemu mpaka kupaa, bila kusaidiwa. Atakapokwama ndipo somo lako linaanza. Na wazoeze kukukatiza wewe. Waambie waziwazi siku ya kwanza kwamba katika darasa hili swali haliadhibiwi, kisha siku ya kwanza utakapoulizwa swali gumu mbele za watu, uso wako usibadilike. Watakutazama uso kabla ya kusikiliza jibu. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuwa walimpokea Paulo kwa moyo, halafu wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Walimkagua Paulo, nao wakaitwa waungwana!

Hapa nataka nikae kidogo, maana vijana wengi hudhani Kanuni za Imani ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Ario alikuwa kasisi wa Aleksandria, Misri, bara letu hili. Alikuwa msomi, mwenye kuheshimika, hodari wa maneno, na mafundisho yake yaliimbwa. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba palikuwa na wakati ambapo hakuwako. Maaskofu wakakutana Nikea mwaka 325, na kazi ikakamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, wakakubaliana maneno ya kumkiri Kristo kuwa Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli, mwana wa azali, asiyeumbwa. Mwaka 2025 ilitimia miaka 1,700 tangu Nikea. Kinachonigusa ni kwamba maneno yale hayakuwa ya mtu mmoja, wala hakuna mchungaji aliyepewa ruhusa ya kuyabadili kwa kuwa ameota ndoto. Imani ya Nikea ni timazi mikononi mwa muumini: fundi akija na ukuta wake, hata awe fundi mwenye sifa, unaining'iniza hapo mkaona wote kama umesimama wima. Hata ukuta wako wewe, mwanangu. Wafundishe kukupima.

Kuhusu Utatu Mtakatifu, swali halitatoka darasani. Litatoka steji ya bodaboda, sokoni, au kwa jirani Mwislamu waliyelelewa pamoja: "Nyinyi mwaabudu miungu mitatu?" Jirani huyo hakutukani. Anakuuliza jambo zito kuliko yote. Usimpe kijana wako mifano ya yai wala ya maji na barafu. Huvunjika kabla chai haijaisha. Aanze na Kumbukumbu la Torati 6, kwamba Bwana Mungu wetu ni mmoja, na hapo akubaliane na jirani yake kwa moyo wote. Kisha aeleze yaliyowapata mitume, Wayahudi waliolishika andiko hilo tangu utoto. Walimsikia Yesu akisamehe dhambi, wakamwona hai baada ya kuzikwa, Tomaso akamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu" naye hakumkemea, wakajazwa Roho siku ya Pentekoste. Walibaki na Mungu mmoja, lakini hawakuweza tena kumtaja bila Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jirani huenda asikubali. Waagane kwa heri, na Ramadhani ikifika wapelekeane futari kama desturi. Mji huu umetulea hivyo na sioni Injili ikitutaka tuvunje.

Jambo la nyumbani kwetu ni jingine. Sisi tulimjua Mulungu kabla mmisionari Krapf hajafika Rabai mwaka 1846, na Biblia ya Kigiriama inamwita Mungu kwa jina hilo hilo. Muumba hana mbishi kwetu. Hofu yetu iko kwa koma, yaani mizimu ya wahenga, na kwa utsai, yaani uchawi. Muumini anabatizwa asubuhi, mtoto anaugua jioni, usiku anatafutwa aliyeloga, na vidole vinaelekezwa kwa mzee mwenye mvi na shamba. Wazee wa kaunti hii ya Kilifi wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mpaka imebidi Kaya Godhoma kule Ganze iwe kimbilio lao. Katekisimu ikilipita hilo kimya, inamfundisha nani? Simama kwenye kipengele ambacho tunakisoma haraka, kwamba alishuka mahali pa wafu. Waambie wanaoogopa koma kwamba Kristo amefika huko waliko, akatoka siku ya tatu akiwa Bwana wa walio hai na wa waliokufa, na hakuna mtu wa kuogopewa gizani zaidi yake. Kisha siku hiyo hiyo lichukue darasa zima mkamtembelee mzee anayenong'onewa. Mkae uani kwake, mnywe maji yake, mkaonekane na kijiji. Mkitoka hapo watakuwa wameelewa kuliko kwa mahubiri yangu ya miaka.

Hivyo ndivyo ushirika unavyojengwa, na mengine ni ya kupanga tu. Ushirika wa nyumba kwa nyumba usianzie kila mara kwenye nyumba yenye makochi. Weka sheria kwamba mwenyeji anatoa chai ya rangi, basi, hata akiwa na uwezo wa mahamri na mbaazi, la sivyo maskini atajificha zamu yake ikifika. Angalia saa za watu. Wafanyakazi wa hoteli za Watamu na Malindi hawana Jumapili kuanzia Desemba, lakini miezi ya mvua kubwa hoteli nyingi hufunga nao wako nyumbani bila mshahara. Ndio wakati wa kuwafundisha na ndio wakati wa kuwaangalia kama jikoni kuna kitu. Wavuvi huchoka wakati wa kaskazi maana bahari inaingilika, na wakati wa kusi wanakaa pwani wakishona nyavu. Nenda ukae nao hapo hapo. Usiwaite wavivu wa ibada kabla hujaangalia kalenda ya upepo. Na kuhusu koo kukaa kando kando: usiwahubirie, wape kazi. Gawanya zamu za kufagia, za kutembelea wagonjwa na za kusaidia kwenye matanga ili kila zamu iwe na watu wa koo mbili. Tena katika hanga, yaani kilio cha mazishi, ambako watu wa kijiji wote wapo, kanisa lionekane likiteka maji na kupasua kuni kabla halijashika kipaza sauti.

Unalalamika kwamba hujawekewa mikono, kwamba watu wanataka kasisi. Mwanangu, soma historia ya kwetu. Kule Fuladoyo, kijiji cha watoro waliokimbia utumwa, kanisa lilisimama likiongozwa na Daudi Koi, Mkristo ambaye hakuwa kasisi. Aliuawa mwaka 1883. Watu waliokuwa hawana ukoo wala nyaraka wala ulinzi walikuwa wakisali pamoja na kulima pamoja huko bara, wakati pale mjini Malindi kanisa dogo la Wareno, ambalo watalii hulipiga picha mpaka leo, lilikwisha kaa karne nyingi. Ushirika Mtakatifu atakuja kuuadhimisha vikari wako, na umsumbue aje mara nyingi. Hayo mengine umeshakabidhiwa.

Nimalizie na swali ulilolificha mwishoni mwa ujumbe. Yule mama aliyehamia hapo na watoto wake, mnayenong'ona kwamba alitoka msituni, anakaa nyuma karibu na mlango na kuondoka kabla ya baraka. Unauliza kama umwombe atoe ushuhuda. Hapana. Usimwombe mwaka huu, na mwakani pia usimwombe. Usimtumie kama mfano katika mahubiri, hata bila kumtaja, maana kila kichwa kitageuka. Mtafutie mama mmoja mtulivu wa Chama cha Akina Mama, mwenye watoto wa rika lile, akae naye kiti cha pili kutoka mlangoni na watoke pamoja. Watoto waandikishwe shule; kama sare ni tatizo niambie, tutachanga. Akiwa anataka kuingia darasani, mwache akae asikilize bila kuulizwa kitu. Siku ya kusoma Marko 5 umwarifu mapema somo litakuwa nini, achague mwenyewe kuja au kubaki nyumbani. Na chai ikitoka, yeye na watoto wahudumiwe mapema pamoja na wageni wengine, bila maneno.

Vitabu vya katekisimu nimekuwekea kwenye mfuko kwa mama yako pale Barani. Vipitie kabla ya Jumatano, kisha unipigie.

Shangazi yako