Cairo haikuishia chini ya mto

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu manowari za mtoni za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani iliitaja USS Cairo kwa mistari michache, ikaiacha chini ya maji. Naomba nafasi niitoe huko.

Nianze na jina, maana wengi hudhani ni la Kairo ya Misri. Ni la mji wa Cairo, Illinois, pale mto Ohio unapoingia mto Mississippi. Ilikuwa moja ya manowari saba alizojenga mhandisi James Eads kwa ajili ya Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Muungano: mbao nzito zilizovikwa mabamba ya chuma, mizinga 13, na gurudumu la kuisukuma limefichwa ndani lisipigwe. Mwaka 1862 ilipigana mtoni mbele ya mji wa Memphis, Tennessee. Tarehe 12 Desemba mwaka huohuo ilikuwa mto Yazoo, karibu na mji wa Vicksburg katika jimbo la Mississippi, kwenye msafara wa kusafisha mabomu yaliyotegwa majini. Milipuko miwili ikafuatana, na baada ya dakika 12 hivi imeshazama. Hakufa mtu hata mmoja.

Hilo mlilipita mbio, nami ndilo lililonishika. Mabaharia waliokoka, lakini vitu vyao vilibaki. Tope likavifunika: viatu, sahani, chupa za dawa, vitu vya kunyolea ndevu. Nilipovitazama katika makumbusho ya Vicksburg nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu havikuwa vitu vya marehemu. Ni vya watu waliotarajia kula chakula cha mchana humo humo.

Mwanahistoria Edwin Bearss na wenzake wawili waliipata manowari hiyo mwaka 1956 kwa dira na vyuma vya kuchokonolea tope. Kuiinua ndiko kulikoniuma. Mwaka 1964 walipitisha nyaya nene za chuma chini yake wakidhani itapanda nzima. Uzito ulipoelemea, nyaya zikazama ndani ya mbao kama kisu, ikabidi ikatwe vipande vitatu. Kisha ikapelekwa Pascagoula, mji wa pwani wa jimbo hilohilo, ikakaa miaka mingi bila makao, mbao zikioza na vipande vikipotea, hadi iliporudishwa Vicksburg mwaka 1977. Mbao zilizodumu zaidi ya miaka 100 topeni zilianza kuliwa pale tu zilipopata hewa.

Mpaka leo imesimama chini ya paa lisilo na kuta, katika joto na unyevunyevu wa jimbo la Mississippi. Mizinga imehifadhika, injini zipo, lakini mbao zinahitaji jumba lililofungwa. Mkiandika tena, Mhariri, naomba mliseme hilo waziwazi. Na wasomaji wenu walioko Marekani wakipita Vicksburg waingie: kuna njia ya kutembea ndani yake, hadi mahali penye boila.

Msomaji wenu wa siku nyingi