Niletee geji, sahibu

Paje

Sahibu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, mama anakusalimu, wa barazani nao, na habari nyengine zote Foum atakupa kwa urefu wake unaoujua. Huyo Foum ndiye aliyenifanya niandike. Kanambia atapita kwako Bidiya, huko Oman, kabla ya kurudi Unguja, na begi lake lina nafasi. Basi haja yangu naiweka mbele: nitafutie geji ya presha ya petroli. Si ile ya kupimia upepo wa mataili, tafadhali, maana namjua Foum, atanunua ya kwanza itakayomkalia mkononi. Ningekutumia sauti, lakini ulishalalamika kuwa sauti zangu ni ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa.

Ni ile kwadi nyekundu, pikipiki ya magurudumu manne, ya injekta, inayopuliziwa petroli kwa umeme badala ya kabureta. Asubuhi stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Unapiga tena, inashika, inatetemeka, inazima. Ikishakubali inakwenda, lakini ukiachia mafuta haitulii, mwendo unapanda na kushuka wenyewe. Ukibonyeza mafuta kidogo kwa kidole inakohoa, na kwenye mchanga mzito inamisi hadi mgeni anageuka kunitazama, kana kwamba mie ndiye niliyemkodisha punda.

Bosi keshaamua: kontrolboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa, iagizwe nyengine. Bei yake nisikutajie, utacheka. Na ushahidi wake ni kuwa plagi imebadilishwa na hali ni ile ile! Mie namwambia kontrolboksi hazifi ovyo, kinachokufa ni umeme unaozifikia. Kwa hewa hii ya chumvi hapa pwani hebu fikiria mwenyewe. Nilifungua waya wa erthi pale unapofungwa kwenye fremu, nikakuta kijani kitupu. Betri ikiwa imepumzika mita ilisoma volti 12.4, si mbaya, lakini ukipiga stata inaanguka chini ya 9. Stata yenyewe bado inazunguka, ndiyo maana watu wanadanganyika. Kwa kabureta ungewasha na kwenda zako. Hii ya injekta pampu inataka umeme, kontrolboksi inataka umeme, koili ya cheche inataka umeme, na stata keshaula wote. Nikasugua erthi, nikatia betri ya kwadi ile nyengine, sasa haishuki chini ya 10 na nusu. Ikawa afadhali. Afadhali tu.

Taa ya injini nayo haiwaki, hapo ndipo tunapogombana kila siku. Vijana wanadhani taa ikinyamaza basi kila kitu kizima. Lakini taa inaleta habari za sensa, vile vipimio vya umeme vya injini, na za waya. Presha ya petroli kwenye kwadi hii haina sensa, na maji ndani ya tangi hayana sensa.

Maji yalikuwamo, bwana. Nilitoa petroli ya chini ya tangi nikaitia kwenye chupa nyeupe, nikaiacha itulie, na chini kukawa na tabaka lake, unaliona kwa macho. Petroli ya chupa za njiani hiyo, na tangi linalolala nusu karibu na bahari. Nimeosha tangi, na siku hizi hakuna petroli inayoingia bila faneli yenye chujio. Bosi ananiita mganga. Kukohoa kukapungua, lakini asubuhi ni mateso yale yale.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu ndipo geji inapohitajika. Ukiwasha swichi unaisikia pampu ikilia tangini, sekunde mbili tatu, kisha inanyamaza. Kwa hiyo fyuzi na relei nzima. Asubuhi ukiwasha swichi na kupiga stata papo hapo, inakataa. Lakini ukiwasha swichi, ukaiacha pampu imalize, ukazima, ukawasha, ukazima tena, halafu ndiyo ukapiga stata, inashika mara moja! Na mchana ikiwa imezimwa muda mfupi tu inawaka bila tabu. Kwangu mie maana yake presha inavuja usiku kucha, na ule mlio mmoja wa pampu hautoshi kuirudisha. Inavujia wapi? Ama injekta inadondosha, ama vali ya pampu inairudisha petroli tangini. Nilifungua plagi alfajiri kabla hajaigusa mtu, nikaikuta kavu, wala haikunuka petroli. Injekta ingekuwa inadondosha ningeikuta imelowa. Kwa hiyo namshuku pampu, na kile kichujio chake cha chini kilichokaa kwenye maji miezi yote hiyo, huenda ndicho kinachoibana kwenye mchanga mzito. Lakini nashuku tu, Khamis. Pampu na kontrolboksi zote ni pesa, na nikimtaka bosi anunue pampu kwa kusikiliza mlio, nina tofauti gani na yeye? Geji ingesema. Injekta za namna hii nyingi zinafanya kazi kati ya psi 39 na 50 hivi. Nikifunga geji nione inafika wapi, inakaa au inaanguka swichi ikizimwa, na inafanyaje injini ikipigwa resi, maneno yamekwisha.

Halafu vijana wamezoea kabureta, injini ikikataa wanabonyeza mafuta mpaka mwisho huku wanapiga stata. Kwenye injekta nyingi kidole kikifika mwisho wakati wa stata kontrolboksi inakata petroli, kwa ajili ya kukausha injini iliyolowa. Hii yetu kavu, nao wanazidi kuinyima! Nimewakataza. Wakiona nimekwenda kusali wanarudia.

Sensa ya joto la injini nimeipima kabla hujaniuliza. Ikiwa baridi kilo-omu mbili na ushei, ikichemka inashuka hadi omu mia tatu hivi. Hiyo haina neno. Mpira wa kati ya throtoboti (ule mlango wa hewa) na injini ndio unaonitia shaka, una ufa upande wa chini. Nilipulizia dawa ya kabureta nione kama mwendo utabadilika, lakini kusi la siku ile liliipeleka dawa yote usoni mwa Makame, akapiga kelele kama mtoto anayetahiriwa, na jaribio likaishia hapo. Nitarudia nyuma ya ukuta. Hewa ikiingia pale bila kupimwa mwendo wa chini hauwezi kutulia, kwa hiyo pengine tuna maradhi mawili kwenye mwili mmoja, na kila mtu ana haki kidogo isipokuwa bosi.

Haya. Harusi ya mdogo wake Maryam ilikuwa nzuri, ulikosekana. Mzee Haji bado anadai ile jeki. Mwani bei mbaya.

Niambie: nyie huko kwenye joto la jangwani petroli haichemki kwenye bomba mchana? Mnafanyaje ikikataa kuwaka ikiwa moto? Vichujio vya hewa mnaosha kila jioni au mnasubiri iseme? Tapeti zenu, ile nafasi ya vali, zinabana upesi kwa lile vumbi? Mie za hii nyekundu bado sijazitia fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, na zikibana compresheni inapungua, kwa hiyo sitaki kuapa mpaka nizipime. Pampu nzima huko inauzwaje, na kuna anayeuza vali au kichujio peke yake? Na wewe mwenyewe, ruhusa umepata? Idi utakuja au ndiyo tutasikia tena habari za mkataba? Yule tajiri wako analipa kwa wakati?

Pesa ya geji nitampa mama yako mkononi, usinambie habari za acha tu.

Ndugu yako,
Suleiman

N.B. Geji iwe na viungio vyake kwenye boksi. Bomba la kwadi hii ni la plastiki, linafungwa kwa kibano cha kubonyeza, halina nati. Foum akute kiungio chenye njia tatu, moja iende kwa geji, ili injini iweze kuwaka huku napima. Bila hicho geji haina kazi kwangu.