Dodoso lako kabla ya kwenda Bahi

Iyumbu, Dodoma
Juni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumaini nyumbani hawajambo. Pendekezo lako la utafiti wa mavuno ya mtama huko Bahi nimelisoma lote, pamoja na dodoso utakalowahoji nalo wakulima. Umeniuliza zaidi kuhusu SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, na kipimo cha takwimu cha kulinganisha wanaopanda mtama wa mbegu bora na wanaopanda wa asili. Hilo ni la siku moja, tutalifanya ukirudi. Naomba kwanza tukae na dodoso, maana jibu lililochukuliwa vibaya mlangoni kwa mkulima hakuna programu ya kulinyoosha.

Tazama swali la 14: "Je, ulipata mbegu bora na mbolea kwa wakati?" Humo mna mbegu, mna mbolea, mna wakati. Aliyepata mbegu Novemba na mbolea asiione kabisa ajibu nini? Atasema "ndiyo" ili muendelee, nawe hutajua amejibu lipi. Ligawe. Kwenye mbegu uliza jina lake, kama ni mbegu bora ya Macia au Tegemeo, au ni ya kienyeji. Uliza aliitoa wapi na mwaka gani. Hilo la mwaka usilidharau. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, lakini si wote, kwa hiyo anayetunza Macia ya mavuno yake msimu hadi msimu, huku jirani kapanda wa asili, mbegu yake huanza kuchanganyika. Huyo utamweka kundi gani? Amua sasa, uandike kwenye sura ya mbinu, kwa sababu mtahini atauliza.

Swali la 17 ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: "Ulivuna kilo ngapi?" Mkulima anahesabu kwa debe na gunia. Debe la lita 20 linapima ujazo, halipimi uzito, na gunia la huyu limefungwa mdomo wakati la yule ni lumbesa. Tena gunia lililojaa masuke, ukishapura, nafaka inayobaki ni ndogo kuliko linavyoonekana. Kwa hiyo uliza kwa kipimo chake, uliza kama ni masuke au umeshapurwa, halafu ugeuzaji ufanye mwenyewe. Beba mizani ya kuning'iniza. Kila kijiji pima kama madebe 10 yaliyojazwa na wenyeji wanavyojaza siku zote, upate wastani wa kilo wa kijiji hicho.

Ekari nazo zina shida yake. Tafiti zilizolinganisha kauli za wakulima na vipimo vya GPS zimeonesha kwamba mara nyingi shamba dogo hutajwa kuwa kubwa kuliko lilivyo, na kubwa likatajwa kuwa dogo. Wewe unachotafuta ni mavuno kwa ekari, basi kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye hitimisho lako. Zunguka mashamba na GPS, walau kwa sehemu ya sampuli.

Umeweka 99 kuwa "sijui" kila mahali. Kwenye idadi ya madebe ni hatari. Chukua kaya 10: tisa zina debe 8 kila moja, ya kumi imeandikwa 99. Usipoitangazia SPSS kwamba hiyo ni alama ya jibu lisilojulikana, wastani unatoka 17.1 badala ya 8, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Tumia -99, ambayo hakuna atakayeidhania kuwa mavuno, na bado uitangaze. Ukikusanya kwa KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, ambayo kijijini inajaza fomu bila mtandao, weka pia kikomo ili namba isiyowezekana ikataliwe palepale.

Sampuli yako umeikokotoa sawasawa kwa kanuni ya Yamane: kaya 1,200, kosa la asilimia 5, zinatoka 300. Ila kanuni hiyo inadhani unachagua kaya bila mpangilio kutoka orodha moja, nawe unachagua vijiji kwanza. Kaya za kijiji kimoja hufanana, mvua ni ileile na udongo uleule, hivyo 300 zako zina taarifa pungufu ya 300 zilizotawanyika. Ongea na msimamizi kuhusu kuongeza vijiji. Kuongeza kaya ndani ya vijiji vilevile kunasaidia kidogo tu. Orodha ya kaya ihakikishe na mwenyekiti wa kitongoji, siyo rejista ya ofisini peke yake, kwani kuna waliohama na kuna kaya mpya za vijana ambazo hazijaandikwa.

Wahojaji wawe wanaojua Kigogo. Mmoja atafsiri dodoso, mwingine ambaye hajaona la Kiswahili alirudishe kwenye Kiswahili, halafu mlinganishe. Palipotofautiana ndipo swali lina kasoro. Kisha jaribu kwa kaya 15 hadi 20 katika kijiji kisichomo kwenye sampuli. Pima muda. Mahojiano yakipita dakika 45, majibu yanaanza kuwa ya kukuondoa tu.

Barua ya chuo ipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, utashuka nayo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi. Nenda sasa, mavuno yakiwa bado ghalani na kichwani mwao. Ukichelewa hadi Januari utakuta milango imefungwa, watu wako shambani wanapalilia.

Sura ya mbinu iandike kila jioni ukiwa hukohuko: waliokataa wangapi, kaya zipi zilibadilishwa na kwa sababu gani. Baada ya miezi mitatu hayo hayakumbukwi, na bila hayo msomaji hawezi kupima kazi yako. Ukirudi, anza na majedwali, ndipo matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa. Kila asilimia iandamane na idadi yake, kwa sababu asilimia 60 ya watu 25 ni watu 15 tu. Na SPSS ikikuonesha p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, ya 0.000, wewe andika p < 0.001, sifuri kamili haipo, programu imekata tarakimu.

Tofauti ukiipata kati ya makundi mawili, usikimbilie kusema ni mbegu iliyoileta. Huenda waliopata mbegu bora ndio wenye ng'ombe wa kulimia na samadi. Hayo mawili hayamo kwenye dodoso lako, na hapo ndipo pa kuyaongeza, kabla ya swali la 14.

Nitumie toleo jipya kabla hujalichapa. Nitalisoma siku hiyohiyo.

Wasalimie wote.

Rafiki yako