Harambee ya mashine za presha: wito kwa washarika na wana wetu walio mbali

Bwana Yesu asifiwe, washarika, nanyi wana wetu mlioko Dar, Arusha, Dodoma na ng'ambo.

Kikundi chetu cha wenye sukari hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye banda la Shule ya Jumapili. Tuko 64. Tuna mashine moja ya kupimia sukari, na ya presha tunaazima. Hiyo ya kuazima mkanda wake ni mdogo: mama mwenye mkono mnene akifungwa, inasoma presha kubwa kuliko aliyo nayo, anarudi nyumbani na hofu isiyo yake.

Tukiri kosa letu. Miaka yote tumekuwa tukiulizana "sukari yako ngapi?" na kuishia hapo. Mwaka jana mzee mmoja wa kwaya alikuja na sukari nzuri, 6.2 kabla ya kula. Presha ilikuwa 178 kwa 68. Vidonge vya presha alishaviacha, kwa kuwa hakuna kilichomuuma. Akauliza, "Ya chini si iko vizuri?" Tukaitikia kuwa iko vizuri, na mimi katibu nilikuwa wa kwanza. Wiki tatu baadaye akapata kiharusi.

Muuguzi anayetusaidia ndiye aliyetufumbua macho. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ukiwa mzima, ni kama mpira mpya wa kumwagilia: moyo ukisukuma, unatanuka, moyo ukitulia, unajirudi na kuendelea kuipeleka damu taratibu. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujishika kwenye protini za ukuta wa mshipa na kuzifunga pamoja, mshipa ukakakamaa. Akina mama wa maandazi wanaijua kazi hiyo: ile rangi ya kahawia kwenye andazi hutokana na sukari na protini kushikana vivyo hivyo, ila karaini inamaliza kwa dakika na mwili unachukua miaka.

Mshipa uliokakamaa hupandisha presha ya juu na kushusha ya chini. Kumbe ile 68 tuliyoifurahia ilikuwa sehemu ya ugonjwa! Pengo la mzee wetu kati ya presha ya juu na ya chini lilikuwa 110, na kwa mtu wa umri wake, pengo la 60 tu tayari ni dalili ya mishipa migumu. Kila pigo la moyo linafika na kishindo chake kwenye figo na ubongo, na moyo nao unanenepa kwa kusukumana na ukuta usiotanuka. Mwenye sukari ana hatari ya shambulio la moyo au kiharusi karibu mara mbili ya asiye nayo. Wengine moyo unashambuliwa bila kifua kuuma, kwa kuwa neva zimekwisha kufa ganzi. Wanaona jasho na pumzi kukata tu.

Lakini presha inashushika. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulilinganisha wagonjwa wa sukari waliobanwa presha hadi wastani wa 144 kwa 82 na wengine waliobaki kwenye 154 kwa 87. Tofauti ni pointi kumi tu kwa ile ya juu, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 44.

Tunaomba shilingi 5,400,000. Zaidi ya nusu ni vipimo vya maabara kwa wasio na bima: wastani wa sukari ya miezi mitatu, mafuta kwenye damu, na figo. Kisha mashine tatu za presha, kila moja na mikanda midogo na mikubwa. Kitakachobaki kitawanunulia vidonge wale ambao dawa huwaishia kabla kahawa haijauzwa. Muuguzi anajitolea. Kuna aliyependekeza fulana za harambee. Hapana, safari hii hakuna fulana.

Kadi za ahadi ziko kwa wazee wa mitaa, na mlio mbali tumeni kupitia mhazini wa usharika, naye atatoa stakabadhi kwa kila mchango. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi. Siku ya harambee, mje mapema mpimwe presha kabla ya ibada, mkiwa mmekaa na kutulia dakika tano, na mgonjwa asiache vidonge vyake asubuhi hiyo.

Baada ya ibada kutakuwa na mnada wa ndizi, mayai na kuku. Yule mzee wa kwaya ametoa jogoo, na anasema atamnadi mwenyewe. Maneno yanamtoka polepole siku hizi, kwa hiyo tumpe muda.