Shukrani kwa mzee wa Gerezani

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina lako sikulipata, ila ulinikuta dukani mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiulizia kemshafti kali (zile shafti zinazofungua vali za injini) za Subaru Impreza yangu ya turbo.

Ukaniambia injini yake, EJ20, iliyotembea zaidi ya kilomita laki mbili ianzie kwenye springi za vali. Turbo ikisukuma hewa, presha ile huikandamiza vali ya kuingizia kwa nyuma, na springi iliyochoka haiwahi kuifunga mizunguko ikipanda. Ziwe ngumu kiasi, maana zikizidi zinakula kemshafti na baketi zake, vile vikombe vinavyokaa juu ya vali. Pesa ya ziada iende kwenye vali za kutolea moshi, za Inconel (aloi ya nikeli inayostahimili joto), kwa sababu ndizo zinazopikwa na gesi ya moto. Tena kabla ya kununua chochote, bushi zinazoongoza mashina ya vali zipimwe. Zikiwa zimelika, sili mpya za vali hazitazuia moshi wa bluu wa oili inayoungua.

Muuzaji alinuna kweli, kemshafti zilibaki kabatini!

Hedi, kichwa cha injini chenye vali, iko kwa fundi, bushi zinabadilishwa. Asante sana, mzee. Soda uliyoikataa siku ile bado nakudai uinywe.