Barua kwa mpwa wangu anayetaka kufungua kisomo

Mpwa wangu,

Mama yako kanitumia mpango wako wa darasa la kusoma kwa akina mama wa sokoni. Nimeusoma mpaka mwisho, na viambatisho vyake. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye mipango ya namna hii ni wengi, na yote niliyoiona inafanana: kuna jengo, kuna jenereta, kuna mtaala wa miaka miwili, na Kiingereza kinaanza wiki ya kwanza ili mfadhili afurahi. Nia yako ni njema. Ila kabla hujaomba hata senti moja, tulia nikusimulie habari za Griffith Jones wa Llanddowror.

Llanddowror ni kijiji kidogo kusini-magharibi mwa Wales, katika Carmarthenshire. Jones alikuwa kasisi wa Kianglikana hapo tangu 1716 hadi alipofariki 1761. Hakuwa mtu wa kuchangamkiwa. Pumu ilimsumbua tangu utotoni, na uso wake ulikuwa wa majonzi. Askofu aliwahi kumwita ajieleze kwa nini anahubiri katika parokia za wenzake, maana alipohubiri watu walifurika hadi nje ya kanisa. Karibu 1713 alitakiwa aende India, pale Tranquebar, akawe mmisionari. Alilipima jambo hilo, kisha akakataa. Aliona kazi iliyoko kwao inamtosha.

Kazi yenyewe aliigundua kwa mikate. Sadaka iliyotolewa siku ya Meza ya Bwana ilikuwa ikinunuliwa mikate ya kuwagawia maskini. Jones akaanza kuwapanga mstari waliokuja kuchukua, akiwauliza maswali mepesi ya imani, kwa upole, asije akawaaibisha. Wengi hawakuwa na jibu. Akawaomba wakija tena, kila mmoja awe na aya moja ya Biblia ya kusema kwa kichwa kabla ya kupewa mkate wake. Fikiria wale wazee kwenye mstari, midomo inatembea, kila mtu anairudia aya yake isije ikamtoka mbele ya kasisi! Aya yenyewe walikuwa wamesomewa na mtu, kwa sababu herufi hawakuzijua. Na miaka hiyohiyo, mwishoni mwa 1720 na kitu, homa ilikuwa inawamaliza watu vijijini. Kwa imani yake, aliyekufa bila kuyajua mambo ya Mungu amepotea. Hakuwa na muda wa mtaala wa miaka miwili.

Si kwamba shule hazikuwapo. Shirika moja la Kianglikana la London, SPCK, lilikuwa limekwisha kuchangia shule za maskini huko Wales. Tatizo, nyingi zilifundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa mkulima aliyezijia alikuwa hajui neno la Kiingereza. Alikaa miaka akikariri sauti asizozielewa, halafu baba yake akamtoa akachunge kondoo. Jones alizifahamu shule hizo kutoka ndani, maana yeye mwenyewe alikuwa mshirika wa SPCK. Mwaka 1731 akawaandikia, akitaka Biblia za Kiwelisi, lugha ya watu wa Wales, kwa ajili ya shule ya namna nyingine.

Hapa nakuomba usome polepole. Shule yake haikuwa na jengo. Mwalimu alikwenda parokia iliyomwita, akapewa kanisa, au ghala, au jiko la nyumba ya mkulima. Alikaa miezi mitatu hivi, aghalabu wakati wa baridi, mashamba yanapokuwa yamelala na watu wana nafasi. Mchana walikuja watoto na wazee, na waliokuwa vibarua walikuja usiku baada ya kazi. Kilichofundishwa ni kusoma tu, kwa Kiwelisi, kwa kutumia Biblia na katekisimu. Kiwelisi huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu anayekizungumza tangu kuzaliwa akishazijua herufi, safari iliyobaki ni fupi. Miezi mitatu ikiisha, mwalimu anafunga mzigo anahamia parokia nyingine. Wakimhitaji tena, atarudi msimu mwingine.

Walimu aliwafunza mwenyewe pale Llanddowror. Hawakuwa wasomi wakubwa, na mshahara wao ulikuwa mdogo hata kwa vipimo vya siku zile. Kila mwaka alichapisha taarifa kwa Kiingereza, iitwayo Welch Piety, iende kwa matajiri wa Uingereza waliotoa fedha. Ndani yake aliweka orodha ya shule, idadi ya wanafunzi, na barua za makasisi wa vijijini wakieleza waliyoyaona. Humo ndimo tunamojua kwamba sehemu kubwa ya darasa, karibu theluthi mbili mahali pengi, walikuwa watu wazima. Hadi anafariki zilikuwa zimefunguliwa shule zaidi ya 3,000, na wanafunzi walioandikwa walikuwa zaidi ya 150,000, bila kuwahesabu wa usiku. Nchi nzima wakati huo haikufika hata watu milioni moja.

Sasa usije ukadhani nakuletea malaika. Kuandika hakuwafundisha, wala hesabu. Aliyemaliza shule ya Jones aliweza kusoma Zaburi lakini hakuweza kuandika deni la mtu dukani. Mama zako wa sokoni hawatakuvumilia kwa hilo, na watakuwa na haki. Tena Jones alipowaeleza wafadhili kwa nini anatumia Kiwelisi, aliwahakikishia kwamba lugha hiyo inamkinga maskini na maovu yanayoandikwa kwa Kiingereza, na inamfanya abaki kwao akiendelea na kazi yake duni. Kila nikipasoma hapo nachukia. Pengine aliamini hivyo kweli, pengine alikuwa anajua lugha ya kuombea pesa. Na wewe ukurasa wako wa nne una sentensi mbili za aina hiyohiyo, zile za "kuwainua kutoka gizani". Zifute. Watakapojua kusoma, watazisoma.

Hakukosa maadui pia. Mwaka 1752 kasisi wa jirani alitoa kijitabu cha kumchafua, akisema kazi yake ni kuzaa Wamethodisti, watu wa uamsho ambao makasisi wengi wa Kianglikana hawakuwapenda. Palikuwa na chembe ya ukweli: Daniel Rowland, mmoja wa vinara wa uamsho wa Kimethodisti huko Wales, aliguswa na mahubiri ya Jones. Jones alinyamaza, akaendelea kuchapisha orodha zake za mwaka.

Aliyemshika mkono ni mwanamke tajiri, Bridget Bevan, ambaye Wawelisi wanamwita Madam Bevan. Mkewe Jones alipofariki 1755, mzee alihamia kwa Madam Bevan huko Laugharne, na ndiko alikofia. Mama huyo akazichukua shule akaziendesha miaka 18 mingine, kwa nguvu ileile. Alipofariki 1779 aliacha pauni 10,000 kwa ajili ya shule hizo. Ndugu wakaupinga wosia mahakamani. Fedha zikafungiwa miaka na miaka, walimu wakakosa mishahara, na shule zikafa. Hazikufa kwa kukosa wanafunzi, mpwa wangu, wala kwa kukosa fedha. Fedha zilikuwapo, zikizaa riba. Ilibidi Thomas Charles wa Bala, kijana aliyesoma palepale Llanddowror, aje kuanzisha upya shule za namna hiyo kaskazini mwa Wales kuanzia 1785, kwa michango mipya.

Kwa hiyo jengo na jenereta viweke kando kwanza. Omba ukumbi wa kanisa au kivuli cha ofisi ya soko, anza kwa Kiswahili, chagua miezi ambayo biashara imelala, na hesabu za mizani na madeni ziwemo tangu siku ya kwanza. Halafu ile akaunti uliyoandika kwa jina lako peke yako, nenda benki kaibadilishe wiki hii. Weka watia saini watatu, na mmoja wao asiwe wa ukoo wetu.

Msalimie mama yako.

Mjomba