UKIMWI haukutoka kwa sokwe wa Gombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika makala iliyohusu chanzo cha virusi vya UKIMWI. Makala hiyo iliambatana na picha ya sokwe wa Hifadhi ya Gombe, hapa mkoani Kigoma, na ndani yake ilielezwa kwamba virusi hivyo vilianzia kwa sokwe wa misitu ya mkoa wetu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kigoma, na tangu itoke, wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza kama ni salama kuishi jirani na hifadhi. Wana haki ya kuuliza, na jibu linajulikana vizuri, kwa kuwa sehemu ya utafiti uliolitoa ilifanyika hukohuko Gombe.

Ni kweli kwamba VVU vya aina ya kwanza, ambavyo ndivyo vilivyoenea duniani kote, vina asili yake kwa sokwe. Lakini mwaka 2006 timu ya watafiti akiwemo mtaalamu wa virusi Beatrice Hahn ilionyesha kwamba virusi vya sokwe vinavyokaribiana zaidi na vya binadamu vinapatikana kusini mashariki mwa Kamerun, kwa sokwe wa jamii ndogo ya kati. Sokwe wa Gombe ni wa jamii ndogo ya mashariki. Nao wana virusi vya kundi hilo, vinavyoitwa SIVcpz, lakini vyao ni vya tawi lingine, na hakuna ushahidi wowote kwamba tawi hilo limewahi kuingia kwa binadamu. Isitoshe, ulinganisho wa vinasaba unaonyesha kwamba virusi vya binadamu vilianza kusambaa mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa sampuli kongwe kabisa za damu zilizothibitishwa kuwa navyo ni ile ya Kinshasa ya mwaka 1959, yaani mwaka mmoja kabla mtafiti wa sokwe Jane Goodall hajafika Gombe kuanza kazi yake.

Ningependa wasomaji wako wafahamu pia namna mambo haya yalivyogunduliwa, maana wengi hudhani kwamba wanyama walikamatwa na kutolewa damu. Sivyo. Watafiti walikusanya kinyesi na mkojo wa sokwe porini bila kuwagusa, wakatafuta humo kingamwili, ambazo ni dalili kwamba mwili umekutana na virusi, na kisha wakatafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe. Vinasaba vilivyomo katika kinyesi hichohicho viliweza kuonyesha sampuli ni ya sokwe yupi. Kwa njia hiyo, mwaka 2002 iliripotiwa kwamba sokwe wa Gombe alikuwa na virusi hivyo, na kwa kuwa kila sokwe wa Gombe anajulikana kwa jina, mama yake na historia yake, watafiti waliweza kuwafuatilia wenye maambukizi na wasio nayo kwa miaka mingi, jambo ambalo lisingewezekana katika misitu mingi ya Afrika.

Hapo ndipo Gombe ilipobadilisha elimu ya dunia. Awali iliaminika kwamba virusi hivi haviwadhuru sokwe. Mwaka 2009 utafiti wa Gombe ulionyesha kwamba, kwa sokwe wa umri mmoja, mwenye maambukizi ana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya asiye nayo, kwamba majike walioambukizwa hupata watoto kwa nadra, na kwamba watoto wao mara nyingi hawaishi. Miili ya baadhi ya waliokufa ilipochunguzwa, ilikutwa na upungufu wa seli za CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zilezile ambazo ndugu zetu hupimwa wanapohudhuria kliniki ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wenye VVU. Sokwe hawa, basi, ni wagonjwa wa maradhi yanayofanana na yetu. Kuwaonyesha kwa wasomaji kama chanzo cha msiba wetu ni kuwakosea, na ni kuwatia hofu wananchi wa vijiji vya mwambao ambao ndio walinzi wa kwanza wa hifadhi.

Kuna upande mwingine ambao makala haikuugusa kabisa, nao kwangu ndio mzito zaidi. Virusi hutoka pia kwa watu kwenda kwa wanyama. Mwaka 1966, wakati polio ilipokuwepo kwa watu wa eneo la Kigoma, sokwe kadhaa wa Gombe walipooza na wengine wakafa, na waliobaki walipewa chanjo ndani ya ndizi. Huko Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe mkoani kwetu, mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa mwaka 2006 uliua sokwe, na katika sampuli zao vilipatikana virusi vya jamii ya metanyumovirusi vinavyohusiana na vile vya binadamu. Ndiyo sababu mgeni anayekwenda kuwaona sokwe leo huvaa barakoa na kukaa mbali nao. Mtoto wa mvuvi anapopata chanjo ya polio, anakingwa yeye, na huenda anakingwa pia jirani yake wa msituni.

Haya yote yamechapishwa, lakini kwa Kiingereza na katika majarida ambayo shule zetu hazina. Nawaomba wanaofanya utafiti mkoani kwetu waandae muhtasari wa Kiswahili wa kila walichogundua na kuufikisha katika shule za sekondari, zahanati na ofisi za vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa maneno ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuyasoma mkutanoni.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba toleo lijalo litaje Kamerun mahali ambapo makala ilitaja misitu ya mkoa wetu, na kwamba picha ya sokwe wa Gombe isiwekwe tena chini ya kichwa cha habari kuhusu chanzo cha UKIMWI.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Kigoma Ujiji